Tuzo za Kimataifa za Vitabu vya Watoto na Nafasi ya Kiswahili: Mtazamo kutoka Nairobi

Mwaka 1992, tuzo ya taifa ya Ujerumani ya fasihi ya watoto na vijana, Deutscher Jugendliteraturpreis, ilimwendea Mkenya katika kundi la vitabu vya vijana. Kitabu kilichotunukiwa kiliitwa *Kariuki und sein weißer Freund*, na mtunzi wake alikuwa Meja Mwangi, ambaye wasomaji wengi wa Nairobi walimfahamu zaidi kwa riwaya zake za watu wazima kuhusu vibarua na walalahoi wa River Road. Kitabu hicho kilikuwa kimechapishwa Nairobi na Longman Kenya mwaka 1990, kwa Kiingereza, kwa jina *Little White Man*. Kinasimulia urafiki kati ya Kariuki, mtoto wa mpishi katika shamba la mlowezi, na Nigel, mjukuu wa mlowezi huyo, wakati wa vita vya Mau Mau. Baadaye kilichapishwa Amerika Kaskazini kwa jina *The Mzungu Boy*, na mwaka 2006 kikapata tuzo nyingine nchini Marekani, ile inayotolewa kwa vitabu vya watoto vinavyohusu Afrika.

Safari ya kitabu hiki inastahili kuchunguzwa na mwanafunzi wa Kiswahili. Maisha ya mtoto wa Nyeri au Nanyuki yaliandikwa kwa Kiingereza, yakatafsiriwa kwa Kijerumani, yakavikwa taji Ulaya, kisha yakavuka bahari hadi Marekani. Katika mzunguko huo wote, mchango wa Kiswahili katika jalada ulikuwa neno moja tu: mzungu. Makala haya yanaeleza jinsi tuzo za kimataifa za waandishi na wachoraji wa vitabu vya watoto zinavyofanya kazi, na yanaonyesha ni katika hatua ipi kitabu cha Kiswahili hupotea njia kabla ya kuwafikia waamuzi.

Nani huteua, nani husoma

Tuzo kongwe na yenye hadhi kubwa zaidi katika uwanja huu ni ile ya Hans Christian Andersen, iliyopewa jina la mtunzi maarufu wa hadithi wa Denmaki. Asili yake ni juhudi za Jella Lepman, mwandishi wa habari Myahudi aliyelazimika kuikimbia Ujerumani ya Hitler na kurejea baada ya vita. Lepman aliamini kwamba mtoto aliyekulia katika magofu na chuki anahitaji vitabu vya mataifa mengine kama anavyohitaji mkate. Mwaka 1949 alianzisha maktaba ya kimataifa ya vijana mjini Munich, na mwaka 1953 Baraza la Kimataifa la Vitabu vya Vijana, linalojulikana kwa kifupi kama IBBY, likaundwa mjini Zurich. Baraza hilo lilianza kumtuza mwandishi mwaka 1956, na kuanzia 1966 likamwongezea mchoraji nishani yake mwenyewe. Tuzo hutolewa kila baada ya miaka miwili, na haizingatii kitabu kimoja bali mchango wa maisha yote ya msanii.

Jambo la kuzingatiwa ni utaratibu wa uteuzi. Mwandishi hawezi kujipendekeza, wala mchapishaji wake hawezi kumpendekeza. Anayependekeza ni tawi la kitaifa la IBBY katika nchi husika. Tawi hilo huandaa faili la mteuliwa: wasifu wake, orodha ya kazi zake, tahakiki zilizoandikwa juu yake, na nakala za vitabu vyenyewe kwa ajili ya jopo la waamuzi kutoka nchi mbalimbali. Lugha ya faili ni Kiingereza. Basi nchi isiyokuwa na tawi hai haina mlango wa kupitia, hata iwe na mtunzi bora kiasi gani. Na nchi yenye tawi, ikiwa kazi za mtunzi wake hazijawahi kutafsiriwa wala kuhakikiwa, hupeleka faili jembamba ambalo jopo litalifungua na kulifunga.

Matokeo yanajieleza. Tangu 1956 hadi tuzo za 2024, hakuna mwandishi wala mchoraji wa nchi yoyote ya Afrika aliyeipata nishani ya Andersen. Washindi wametoka Ulaya, Marekani, Kanada, Brazili, Ajentina, Iran, Israeli, Uchina, Korea, Japani, Australia na Nyuzilandi. Aliyeikaribia Afrika zaidi ni Mfaransa René Guillot, mshindi wa 1964, aliyefundisha hisabati Dakar kwa miaka mingi na kuandika visa vya simba, tembo na wawindaji kwa ajili ya watoto wa Ufaransa. Ni kejeli ndogo ya historia kwamba nyika ya Afrika ilipata nishani huku wana wake wakiwa nje ya ukumbi.

Tuzo ya Astrid Lindgren ni changa zaidi lakini ndiyo yenye fedha nyingi. Serikali ya Uswidi iliianzisha mwaka 2002, mwaka aliofariki mwandishi huyo, na thamani yake ni kronor milioni tano za Uswidi. Hiyo nayo haipokei maombi ya mtu binafsi. Asasi zilizokubaliwa katika nchi mbalimbali ndizo hupendekeza majina. Tofauti yake ni kwamba huweza kumtuza pia msimulizi wa fasihi simulizi au shirika linaloendeleza usomaji. Kupitia dirisha hilo la mwisho ndipo Afrika ilipoingia kwa mara ya kwanza, mwaka 2015, wakati PRAESA ya Cape Town ilipotangazwa mshindi. Shirika hilo lilianzishwa mwaka 1992 chini ya uongozi wa Neville Alexander, mwanaisimu na mpigania uhuru aliyewahi kufungwa Robben Island, na kazi yake kuu imekuwa kuwafanya watoto wasome kwa furaha katika lugha zao za Kiafrika sambamba na Kiingereza. Kwa wanaodhani kwamba waamuzi wa Ulaya hawawezi kamwe kuthamini lugha za Afrika, mfano huu unapaswa kuwafikirisha.

Maneno ya Kiswahili katika orodha za wengine

Kiswahili kimewahi kufika katika orodha za heshima za kimataifa, na si mara moja. Mwaka 1972 kitabu kiitwacho *Moja Means One* kilipata heshima ya Caldecott, tuzo ambayo chama cha wakutubi wa Marekani humpa mchoraji wa kitabu bora cha picha. Kilifundisha kuhesabu kutoka moja hadi kumi kwa Kiswahili. Miaka mitatu baadaye, *Jambo Means Hello*, kitabu cha alfabeti ya Kiswahili, kikapata heshima hiyo hiyo. Mwandishi wa vyote viwili alikuwa Muriel Feelings, aliyewahi kufundisha sanaa nchini Uganda, na mchoraji alikuwa mumewe wa wakati huo, Tom Feelings, aliyewahi kuishi Ghana. Alfabeti yao ina herufi 24, kwa kuwa Kiswahili hakina matumizi ya Q wala X. Mwalimu wa sarufi angeweza kulalamika kwamba jambo ni jambo, na kwamba salamu yenyewe ni hujambo na sijambo. Lakini vitabu hivyo havikuandikwa kwa ajili ya mtoto wa Pangani au Kangemi. Viliandikwa ili mtoto Mwamerika mwenye asili ya Afrika, aliyeambiwa kwa karne nzima kwamba hana lugha wala historia, apate pa kuegemea. Kwa lengo hilo vilifanikiwa sana, na michoro ya Tom Feelings ingali mizuri kuitazama.

Masharti ya Caldecott yanataka mchoraji awe raia au mkazi wa Marekani. Kwa hiyo tuzo hiyo, kama nyingine nyingi zinazoitwa za kimataifa kwa sababu tu sifa zake zimeenea dunia nzima, kwa hakika ni ya taifa moja. Hali ni hiyo hiyo Kanada. Tololwa Mollel, mzaliwa wa Tanzania wa jamii ya Wamaasai, aliandika upya kisa cha Kimaasai cha mtoto aliyekuwa nyota kwa jina *The Orphan Boy*. Mwaka 1990 kitabu hicho kilipata tuzo ya Gavana Mkuu wa Kanada, lakini katika kundi la michoro, na mpokeaji alikuwa mchoraji Paul Morin.

Mfano wa karibu zaidi na Nairobi ni wa Wangari Maathai. Kila mwanafunzi anayekatiza Uhuru Park kutoka katikati ya jiji kuelekea Upper Hill hupita mahali ambapo mama huyo, mwaka 1989, alipinga ujenzi wa jumba la ghorofa 60 na hatimaye akaliokoa bustani. Baada ya Tuzo ya Nobeli ya Amani ya 2004, maisha yake yaligeuka chemchemi ya vitabu vya picha katika Marekani na Ulaya. Kimojawapo, *Seeds of Change*, kilichoandikwa na Jen Cullerton Johnson na kuchorwa na Sonia Lynn Sadler, kilimpatia mchoraji huyo mwaka 2011 tuzo ya vipaji vipya inayobeba majina ya Coretta Scott King na John Steptoe. Hakuna kosa lolote katika hayo. Wangari ni wa dunia. Ila inafaa kuuliza ni kwa nini mtoto wa Dagoretti akitaka kumwona Wangari katika picha zilizotunukiwa hana budi kumtazama kwa jicho la msanii wa ng'ambo, na kumsoma kwa Kiingereza.

Tuzo iliyosoma lugha za Afrika

Kati ya 1980 na 2009 kulikuwa na tuzo moja iliyofuata njia nyingine. Tuzo ya Noma ya Uchapishaji katika Afrika iliasisiwa mwaka 1979 kwa ukarimu wa Shoichi Noma, mkuu wa kampuni ya uchapishaji ya Kodansha ya Japani. Masharti yake yalikuwa mepesi kuelewa: mwandishi awe Mwafrika, kitabu kiwe kimechapishwa na mchapishaji aliye Afrika, na lugha iwe yoyote ya bara hili, ya kienyeji au ya kurithiwa kutoka Ulaya. Vitabu vya watoto vilikuwa mojawapo ya makundi matatu yaliyokubaliwa, pamoja na vya kitaaluma na vya fasihi ya kubuni. Jopo lilipopata kitabu katika lugha ambayo wajumbe wake hawakuisoma, liliwatafuta wataalamu wa lugha hiyo na kuomba maoni yao.

Vitabu vya watoto vilishinda si mara moja. Mghana Meshack Asare, ambaye huandika na kuchora mwenyewe, alishinda mwaka 1982 kwa *The Brassman's Secret*. Mzimbabwe Charles Mungoshi alishinda kwa pamoja na mwandishi wa Aljeria mwaka 1992 kwa mkusanyiko wa ngano za Kishona alizoziandika kwa Kiingereza. Wakenya nao walionja matunda hayo: mwaka 1984 Gakaara wa Wanjau alishiriki tuzo na Njabulo Ndebele wa Afrika Kusini kwa shajara ya kizuizini aliyoiandika kwa Kikuyu, na mwaka 2000 Kimani Njogu na Rocha Chimerah wakaipata kwa *Ufundishaji wa Fasihi: Nadharia na Mbinu*. Kitabu hicho cha mwisho wanafunzi wengi wa Kiswahili wamekibeba mkobani bila kujua kwamba kimewahi kulishinda bara zima. Si kitabu cha watoto. Lakini kinathibitisha jambo moja ambalo halihitaji tena kubishaniwa: kitabu kilichoandikwa kwa Kiswahili, kikachapishwa Nairobi, bila tafsiri, kilisomwa na jopo la kimataifa na kuonekana bora kuliko vyote vilivyoshindana nacho mwaka huo.

Tuzo hiyo ilitolewa mara ya mwisho mwaka 2009. Mashindano ya Noma ya wachoraji wa vitabu vya picha, yaliyoandaliwa kutoka Tokyo kwa wasanii wa Asia, Afrika, nchi za Kiarabu na Amerika ya Kusini, nayo yalikuwa yamefikia kikomo mwaka uliotangulia. Pengo hilo halijazibwa. Tuzo ya Burt, iliyofadhiliwa kutoka Kanada na kuendeshwa Tanzania, Kenya, Ghana na Ethiopia katika miaka iliyofuata, ilitia vitabu vingi vya vijana mikononi mwa wasomaji, lakini vilikuwa vya Kiingereza. Tuzo iliyoasisiwa mwaka 2014 kwa jina la Mabati-Cornell imekifanyia Kiswahili hisani kubwa kwa kuwatuza washairi na waandishi wa riwaya. Kundi la fasihi ya watoto, hata hivyo, haikuanza nalo.

Kutoka Sarit Centre hadi Kangemi

Tangu 1998, wachapishaji wa Kenya wamekuwa wakikutana katika Maonyesho ya Kimataifa ya Vitabu ya Nairobi, ambayo kwa miaka mingi yamefanyikia Sarit Centre, Westlands, kwa kawaida mwezi Septemba. Anayetembea baina ya meza za maonyesho hayo hutambua haraka uchumi wa kitabu cha mtoto nchini. Kinachouzika ni kile kilichoidhinishwa kwa matumizi ya shule. Hadithi ya Kiswahili huitwa kitabu cha ziada, yaani nyongeza ya kitabu cha kiada, na huhaririwa kwa jicho la silabasi: idadi ya maneno, darasa lengwa, maswali ya ufahamu nyuma. Mzigo uliongezeka mwaka 2013 vitabu vilipoanza kutozwa ushuru wa thamani wa asilimia 16, kwani anayeumia kwanza kwa bei kupanda ni kitabu ambacho mzazi halazimiki kukinunua.

Kitabu cha namna hiyo kinaweza kuwa kizuri, na vingine ni vizuri mno. Hata hivyo, kinapowekwa mbele ya waamuzi wa Andersen au wa maonyesho ya michoro ya Bratislava, udhaifu wake wa kwanza huonekana kabla hata neno moja kusomwa, nao ni picha. Katika tuzo hizo mchoraji si mpambaji wa hadithi ya mtu mwingine. Ni msimulizi wa pili, na katika kitabu cha mtoto asiyejua kusoma yeye ndiye msimulizi wa kwanza. Katika desturi ya uchapishaji wa hapa, mara nyingi mchoraji hulipwa ujira wa mara moja, hukabidhiwa muswada uliokamilika na muda mfupi wa kuchora, na jina lake huchapishwa kwa herufi ndogo katika ukurasa wa haki ya kunakili, kama litachapishwa. Tuzo ya Jomo Kenyatta, ambayo Meja Mwangi aliipata mwaka 1974 kwa *Kill Me Quick* na ambayo imeendelea kukua chini ya chama cha wachapishaji hadi kuwa na makundi ya watu wazima, vijana na watoto kwa Kiingereza na Kiswahili, imegawanywa kwa kufuata lugha na umri wa msomaji. Mgawanyo huo haumtambui mchoraji. Ikiwa nyumbani hana jina, ni vigumu kuona faili lake litaanzia wapi.

Wapo wasemao kwamba haya yote ni ya kupuuzwa: tuzo za Ulaya ni kipimo cha Ulaya, na fasihi ya Kiswahili haihitaji kupigiwa makofi Stockholm ili ijue thamani yake. Hoja hiyo ina ukweli wake, lakini inasahau kwamba nishani haikai kifuani mwa mwandishi tu. Kitabu kikishatunukiwa hutafsiriwa, na kikishatafsiriwa huingia katika maduka na maktaba za miji ya mbali, Nairobi ikiwemo. Duka la vitabu la Westlands huuza hadithi za Kiingereza zenye muhuri wa dhahabu jaladani kwa sababu hiyo. Mtoto wa Kangemi, umbali wa kilomita chache tu kwenye Waiyaki Way, pengine hatalifikia duka hilo. Atafikiwa na kitabu cha Kiswahili cha shuleni. Hivyo watoto wawili wa jiji moja hukua na mafunzo mawili kuhusu Kiswahili: mmoja kwamba ni lugha isiyo na vitabu vya kupendeza, mwingine kwamba ni lugha ya mtihani. Hapo ndipo penye hasara, wala si katika kronor za Waswidi.

Kazi iliyo mikononi mwa idara za Kiswahili

Tukirudi kwenye faili la mteuliwa, itaonekana kwamba sehemu kubwa ya yanayokosekana si fedha. Faili huhitaji tahakiki. Nakala za majarida ya Kiswahili zimejaa uhakiki wa riwaya na tamthilia za watu wazima, hasa zile zinazotahiniwa, lakini ni nadra kukuta makala yanayochambua kitabu kimoja cha picha cha watoto, ukurasa kwa ukurasa, maneno na michoro pamoja. Faili huhitaji pia orodha kamili ya kazi za mtunzi na matoleo yake, kazi ambayo mwanafunzi wa shahada ya kwanza anaweza kuifanya katika maktaba ya chuo chake na katika maduka ya Kijabe Street kwa muhula mmoja. Zaidi ya yote, huhitaji tafsiri.

Hapa IBBY ina nafasi ambayo haizungumzwi sana. Kila baada ya miaka miwili baraza hilo hutoa Orodha ya Heshima, ambamo kila tawi la kitaifa huweza kupendekeza vitabu vya karibuni kutoka nchini mwake: kimoja kwa ubora wa uandishi, kingine kwa michoro, na kingine kwa tafsiri. Mtafsiri husimama bega kwa bega na mwandishi na mchoraji. Isitoshe, nchi inayochapisha vitabu vya watoto kwa lugha kadhaa huweza kupendekeza vitabu katika zaidi ya lugha moja. Kitabu cha mtoto kilichotafsiriwa kwa Kiswahili fasaha kutoka Kikuyu, Kiluo, Kijerumani au Kikorea kingeweza kupelekwa huko kwa jina la mtafsiri wake, na vitabu vya orodha hiyo huzungushwa katika maonyesho ya nchi mbalimbali na kuhifadhiwa katika maktaba, ikiwemo ile ya Munich aliyoianzisha Lepman. Kitabu cha *Kariuki* chenyewe kilitunukiwa Ujerumani kwa kuwa kulikuwa na mtu aliyeketi na kukigeuza kuwa Kijerumani kizuri, na kwa kuwa tuzo ya nchi hiyo hupokea vitabu vilivyotafsiriwa sawasawa na vilivyoandikwa kwa lugha hiyo. Madarasa ya tafsiri katika vyuo vya Kenya kwa kawaida hufanyia mazoezi hotuba, matangazo na vifungu vya magazeti. Hadithi ya kurasa 24, yenye picha, ingetosha kwa muhula.